Gofu Bila Msimulizi ni Mawe Matupu

Penye miti hapana wajenzi, walinena wahenga. Katika mashamba ya Ayalandi methali hiyo imepinduka: majengo yapo tele, ila wenyewe hawapo. Msafiri anayepita katika kaunti ya Roscommon, upande wa magharibi wa kisiwa hicho, haendi mwendo mrefu kabla ya kuona kanisa lisilo na paa, ngome iliyofunikwa na mimea inayotambaa, au nyumba ya mkulima iliyobakia dohani peke yake. Karibu na magofu hayo aghalabu pana ziwa tulivu, mto unaokwenda polepole na bustani iliyopandwa miti kwa ustadi. Watalii hufika, hupiga picha, hula chakula chao kivulini na kwenda zao. Swali ambalo ningependa tujiulize, hasa sisi wenye kufundisha na kufundishwa, ni hili: je, aliyeyatazama mawe hayo ameijua Ayalandi?

Jawabu langu ni kwamba bado. Gofu ni mfano wa kitabu kilichoandikwa kwa hati ngeni. Asiyefundishwa kukisoma atalisifu jalada tu. Na katika nchi ile, kazi ya kuwafundisha watu kusoma kitabu hicho haikufanywa na wataalamu wa vyuo vikuu peke yao. Sehemu kubwa ilifanywa na walimu wa shule za msingi pamoja na wanafunzi wao.

Hebu tuanzie katika mji mdogo wa Boyle, kaskazini mwa kaunti hiyo. Kando ya mto wenye jina hilo hilo limesimama gofu la abasia iliyoanzishwa mwaka 1161 na watawa wa shirika la Cistercian. Ujenzi wa kanisa lao ulichukua miaka ipatayo sitini, hata likawekwa wakfu kwenye mwaka 1218. Mgeni asiyejua kitu ataona safu mbili za nguzo na matao, ataridhika na kuondoka. Aliyefundishwa kutazama atagundua kwamba matao ya upande mmoja ni ya mviringo, na ya upande wa pili yamechongoka kileleni. Sababu ni kwamba walioanza kazi siyo walioimaliza. Katikati ya ujenzi mtindo wa Ulaya ulibadilika, na mafundi wa kizazi kilichofuata wakajenga kwa namna ya zama zao. Katika karne ya 16 wafalme wa Uingereza walivunja nyumba za watawa, na hatimaye abasia ile ikageuzwa kambi ya askari. Kuta hizo basi zimebeba habari za mafundi, za watawa na za wanajeshi, lakini hazimwelezi asiyeuliza.

Mto Boyle ukishapita mjini huingia katika ziwa Lough Key, lenye visiwa vidogo zaidi ya thelathini vilivyojaa miti. Katika kimojawapo palikuwa na ngome ya watawala wa ukoo wa MacDermott. Katika kingine, kiitwacho Trinity, yamo magofu ya makao ya watawa, na hapo ndipo wenyeji husimulia kwamba amezikwa Úna, binti wa ukoo huo, pamoja na Tomás Costello aliyempenda. Yasemekana kwamba babaye binti alimkataa kijana huyo. Úna akaugua, Tomás akaitwa amwone, naye alipoondoka akaapa kwamba asipoitwa tena kabla hajavuka mto hatarudi kamwe. Alisubiri majini muda mrefu, akavuka, na mara mjumbe akawasili akiwa amechelewa. Hadithi hii haikuandikwa katika jiwe lolote. Imeishi karne nyingi katika wimbo na katika vinywa vya watu.

Ufukwe wa ziwa hilo sasa ni bustani ya msitu iliyo wazi kwa umma. Zamani ilikuwa milki ya familia ya King, makabaila wenye asili ya Kiingereza waliopewa ardhi za huko katika karne ya 17. Mwanzoni mwa karne ya 19 walijengewa kasri liitwalo Rockingham na John Nash, msanifu yule yule aliyelitengeneza upya jumba la Buckingham mjini London. Kasri liliteketea kwa moto mwaka 1957 na mabaki yake yakabomolewa baadaye. Kilichosalia ni njia za chini ya ardhi, nazo zinastahili kutazamwa kuliko kasri lenyewe. Zilichimbwa ili watumishi wapite na mizigo yao bila kuonekana, wasije wakaharibu mandhari ya ziwa mbele ya macho ya mabwana na wageni wao. Leo mtalii hutembea ndani yake akistaajabia ufundi. Mwalimu atamwuliza mwanafunzi swali jingine: uzuri wa bustani hii ulimtaka nani afichwe?

Swali hilo lina uzito mkubwa zaidi tukiteremka kusini-mashariki hadi mji wa Strokestown, safari isiyofika saa moja kwa gari. Mwaka 1845 ugonjwa wa kuvu uliingia katika mashamba ya Ayalandi na kuozesha viazi, ambavyo vilikuwa ndicho chakula cha kila siku cha mamilioni ya maskini. Njaa iliyofuata iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Kaunti ya Roscommon ilikuwa na wakazi takriban 253,000 katika hesabu ya mwaka 1841. Katika hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa na takriban 70,000. Sasa msomaji ataelewa kwa nini nyumba nyingi zimebakia dohani tupu, na kwa nini mashamba yale yana ukimya ambao wageni huuita utulivu.

Kabaila wa Strokestown wakati huo alikuwa Meja Denis Mahon. Mwaka 1847 alishauriwa kwamba kuwasafirisha wapangaji wake hadi Kanada kungekuwa rahisi kuliko kuwalisha katika nyumba za maskini. Watu 1,490 wakatembea kwa miguu hadi Dublin wakifuata mfereji uitwao Royal, wakavushwa hadi Liverpool, kisha wakapakiwa katika meli mbovu. Wengi walifia baharini au mara tu walipofika ng'ambo. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mahon mwenyewe alipigwa risasi akafa. Mwaka 1979 mfanyabiashara mmoja wa mji ule aliinunua milki hiyo, akakuta ndani ya jumba maelfu ya hati za zama za njaa, zikiwamo barua za wapangaji wakiomba msaada. Angeweza kuzichoma. Alizihifadhi, na mwaka 1994 jumba la makumbusho ya njaa likafunguliwa pale pale.

Njia waliyopita watu hao sasa imetengenezwa kwa wenye kutembea na kuendesha baiskeli, kilomita 165 hadi Dublin, sehemu kubwa yake ukingoni mwa mfereji. Ni matembezi mazuri yenye miti, ndege na maji. Lakini hapa na pale msafiri hukuta viatu vya mtoto vilivyosubiwa kwa shaba nyeusi, kwa mfano wa jozi ya viatu vya karne ya 19 iliyopatikana katika gofu la nyumba ya mkulima. Masimulizi ya njia hiyo yanamfuata Daniel Tighe, kijana wa miaka 12, ambaye yeye na dada yake walinusurika safari ile na kulelewa na familia moja huko Quebec. Kwa namna hiyo mandhari hayakuharibiwa hata kidogo, bali yamepewa maana.

Maji ya Boyle huishia katika mto Shannon, mto mrefu kuliko yote ya Ayalandi, nao huyapeleka kusini hadi Clonmacnoise. Hapo palikuwa na monasteri na shule mashuhuri iliyoanzishwa na Mtakatifu Ciarán katika karne ya 6. Misalaba yake mikubwa ya mawe ilichongwa picha za Maandiko, na iliyo bora ilihamishiwa ndani katika miaka ya 1990 ili mvua isiendelee kuila. Huko pia ndiko kulikoandikwa, juu ya ngozi ya ndama, kitabu cha kale kuliko vyote vilivyosalia vyenye fasihi ya lugha ya Kiayalandi. Mmoja wa waandishi wake, Máel Muire, aliuawa na wanyang'anyi ndani ya kanisa la pale mwaka 1106. Mwaka 1552 askari wa Kiingereza waliipora monasteri ikabaki gofu. Majengo yalianguka lakini kitabu kipo hadi leo, nacho kimehifadhiwa mjini Dublin.

Waandishi wa namna hiyo walipata warithi katika karne ya 20, na warithi wenyewe walikuwa watoto. Kati ya mwaka 1937 na 1939, tume ya kitaifa ya kukusanya mapokeo ya wananchi ilishirikiana na idara ya elimu na chama cha walimu. Wanafunzi wa madarasa ya juu katika shule za msingi zipatazo 5,000 waliambiwa waache insha zao za kawaida, waende wakawaulize wazazi, babu, nyanya na majirani. Waliuliza habari za magofu, za visima vitakatifu, za majina ya mashamba, za tiba, na za miaka ya njaa. Wazee waliohojiwa walikuwa wamezisikia habari hizo kutoka kwa waliozishuhudia. Walimu wakanakili zilizo bora katika vitabu rasmi. Mavuno yake yalikuwa kurasa zipatazo 740,000, na leo mtu yeyote aweza kuzisoma kupitia intaneti.

Wapo watakaodai kwamba maneno ya wazee yaliyoandikwa na watoto si historia, kwani yamechanganyika na ngano na chumvi. Dai hilo lina ukweli wake. Walakini mwanahistoria anayo mizani ya kupimia: ataweka simulizi upande mmoja na hati za kabaila upande wa pili. Hati zina kodi na madeni. Simulizi zina majina ya waliofukuzwa na mahali walipozikwa. Lau zisingeandikwa wakati ule, leo kusingekuwa na cha kupima, kwa maana wazee wale wamekwisha kufariki wote.

Sisi nasi tuna magofu yetu. Thimlich Ohinga iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na Gedi mwaka 2024. Ni jambo la kujivunia, na ziara za shule huko ni za manufaa. Lakini mwanafunzi anayepelekwa Gedi kwa basi, akahesabu misikiti na visima, akarudi na picha, amesoma jalada. Na magofu mengi hayamo katika orodha yoyote: kaburi la kale lililo nyuma ya soko, boma lililohamwa, kituo cha reli kisichotumika, kambi ya wafungwa ya zama za dharura. Wanaoyafahamu ni wazee, na kila mwaka wanapungua.

Ewe mwalimu, insha ya juma lijalo haihitaji fedha wala kibali maalumu. Mwambie mwanafunzi achague jengo moja la kale lililo karibu na kwao, amwendee mzee mmoja kwa adabu, aulize ni nani aliyeishi pale na kwa nini aliondoka, kisha aandike kama alivyosikia pamoja na jina la kijiji na tarehe. Nawe mwanafunzi, usingoje kuagizwa. Daftari unalo.