Laptopu haiwaki kabisa? Usikubali haraka kwamba mazabodi imekufa

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alitutumia ujumbe wa sauti. Umeme ulikatika usiku, uliporudi ukaja kwa nguvu mpaka balbu ikapasuka, na tangu hapo laptopu yake haiwaki. Ndani mna alama za wanafunzi wake za miaka 3, na nakala nyingine hana. Fundi wa mjini kwao aliishika dakika chache tu, akamwambia mazabodi imekufa, atafute hela ya nyingine. Bei aliyotajiwa ilikaribia bei ya laptopu ya mtumba. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya Dar es Salaam, nikaibeba.

Mazabodi ni ule ubao mpana ulio chini ya kibodi, ambao kila kitu kimechomekwa au kulehemiwa juu yake: prosesa, ramu, tundu la chaji, feni. Kwa hiyo kusema "mazabodi imekufa" ni kama kusema "gari bovu". Inaweza kuwa injini, inaweza kuwa waya wa betri. Fundi niliyemkuta Magomeni, kwenye kibanda kisicho mbali na kituo cha mwendokasi cha Mapipa, alisema yeye ana swali moja tu la kuanzia: "Dada, umeme umefika wapi ukakwama?"

Akaanza nje, kwenye chaja. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa volti 19 au 19.5. Mita ikionyesha sifuri, ugonjwa ni wa chaja. Ila zile za kisasa zenye kichwa kidogo cha USB-C ukizipima peke yake hazitoi volti zote. Huanza na 5, kisha hupanda zikishaelewana na mashine. Asiyejua hilo atatupa chaja nzima. Usiifungue chaja mwenyewe, maana ndani yake kapasita zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ikishachomolewa. Na ninyi mnaotumia sola, msiunge betri ya volti 12 moja kwa moja kwenye laptopu inayotaka 19. Haitoshi, na ukikosea chanya na hasi unaunguza vifaa vya mwanzo kabisa kwenye ubao.

Kuna jambo unaweza kujaribu nyumbani kabla ya kulipa nauli. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu. Nyingine huamka hapo hapo. Kama taa inawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, mulika kwa tochi ya simu ukiwa ubavuni. Ukiona picha kwa mbali, kilichokufa ni mwanga wa kioo. Huenda pia ramu imelegea, na fundi ataitoa, atasugua meno yake kwa raba ya penseli na kuirudisha.

Ya mwalimu haikuwa hivyo. Hakukuwa na taa wala feni. Chaja ilikuwa nzima, tundu la chaji zima. Ndipo ubao ukafunguliwa, betri ikatolewa kwanza.

Umeme ukipita tundu la chaji hukutana na swichi ndogo ndogo ambazo mafundi huziita mosfeti. Hizo zinaruhusu volti 19 ziingie njia kuu. Kutoka njia kuu unapunguzwa kuwa volti 5 na 3.3, ambazo hukesha hata laptopu ikiwa imezimwa, na bila hizo kitufe cha kuwashia ni pambo tu. Ukibonyeza, ndipo prosesa inapopewa chakula chake, karibu volti 1. Ni mfereji wa shambani: ukikuta juu kuna maji na chini ni pakavu, kizuizi kiko katikati.

Mita ilionyesha 19 kabla ya mosfeti, baada yake hakuna kitu. Fundi akaweka nyaya za mita kati ya njia kuu na graundi, ikalia. Shoti! Kwenye njia hiyo kuna kapasita nyingi, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, na moja ikiharibika ndani inavuta umeme wote chini. Ni ipi sasa? Akamwaga spiriti juu ya ubao, akalisha volti chache tu kwa pawa saplai. Yenye shoti hupata moto, kwa hiyo spiriti hukauka hapo kwanza. Tulisubiri sekunde chache tu. Akaing'oa kwa hewa ya moto, mita ikanyamaza, akaweka nyingine iliyotoka kwenye ubao mbovu wa zamani. Mbao mbovu hazitupwi pale, ni ghala la spea. Kisichopatikana humo, kijana anapanda mwendokasi kwenda Kariakoo.

Si kila ubao unapona. Prosesa ikiungua, au maji yakikaa mpaka kutu ikala nyaya za ndani, mara nyingi gharama haistahili. Ikiingia maji usiiwashe kujaribu. Chomoa, toa betri, igeuze kichwa chini, iwahishe kwa fundi aioshe kwa spiriti. Mchele haufikii maji yaliyojificha chini ya chipu.

Kubwa kwangu ni diski. Faili zako haziko kwenye mazabodi, ziko kwenye diski, na kwenye laptopu nyingi diski hufunguliwa kwa skrubu na kusomwa kwenye mashine nyingine. Kwenye baadhi ya zile nyembamba imelehemiwa, na baadhi ya Windows huifunga kwa ufunguo ambao lazima uwe nao. Unapotuma laptopu kwa basi hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi, toa diski ibaki nyumbani kama inatoka, piga picha namba ya mashine iliyo chini. Kisha muulize fundi amepima volti ngapi na umeme umeishia wapi. Akikosa jibu, hajapima.

Laptopu ya mwalimu iliwaka saa kumi jioni. Tulinakili alama zote kwenye flashi pale pale kibandani, kabla hata skrubu hazijarudishwa.