Kasi ya boti ya jeti huanzia kwenye njia ya maji

Mwenye boti ya jeti akitaka kasi zaidi, wazo la kwanza huwa ni injini kubwa. Hesabu haiko upande wake. Ili impela ile ile, yaani gurudumu la mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, izunguke haraka zaidi kwa asilimia 10, injini inatakiwa kuongeza nguvu kwa takriban asilimia 33. Ndiyo maana mafundi wa California, ambako boti zenye injini za V8 na pampu za chapa ya Berkeley zilishamiri, huanza na njia ya maji: yanavyoingia na yanavyotoka.

Somo hilo ni la zamani. Bill Hamilton wa New Zealand, aliyetaka boti ya kupanda mito yenye kina kifupi na mawe, katika miaka ya 1950 alianza na mtambo uliotema maji chini ya boti, akapata kama kilomita 18 kwa saa. Alipopandisha tundu la kutolea juu kidogo ya usawa wa mto, kasi ikafika kama 27.

Leo mwelekeo wa mkondo hurekebishwa kwa nozeli ya kupanda na kushuka, inayofungwa nyuma ya pampu na kuongozwa kwa pedali. Nozeli ikielekea juu kidogo, tezi hukandamizwa na omo huinuka; sehemu ya boti inayogusa maji hupungua, na ukinzani nao hupungua. Ikielekea chini, omo hushuka, jambo linalosaidia wakati wa kuondoka na kwenye mawimbi. Ukizidisha kuinua, boti huanza kurukaruka, na kwa kasi kubwa upepo unaweza kuingia chini yake ukaipindua.

Upande wa kuingilia kuna wavu wa kusukumia maji. Boti ikienda kasi sana, maji hupita haraka chini ya mdomo wa pampu na mengine huja na hewa. Impela hukosa cha kushika: injini inanguruma, mizunguko inapanda, boti haiongezi mwendo. Vyuma vya wavu huu vimeinama ili kuyakamata maji na kuyaelekeza ndani. Bamba linalofungwa nyuma ya mdomo huo huipa boti sehemu imara ya kutelezea. Kwa boti ya mwendo wa kawaida, wavu wa aina hii huongeza ukinzani bila faida.

Kabla ya kununua chochote, fungua pampu upime kwa fila (kipimo cha mianya) nafasi kati ya impela na ringi inayoizunguka. Nafasi nzuri haifiki hata milimita moja. Mchanga ukishaipanua, maji hurudi nyuma ndani ya pampu, na hakuna kifaa cha nje kitakachofidia hasara hiyo.

Jambo la mwisho ni la uhai. Boti ya jeti hupata usukani kutokana na maji inayoyatema, sawa na jetski za fukwe zetu. Ukiachia mafuta ghafla, itaendelea kwenda mbele hata ukizungusha usukani. Basi rekebisha pampu kwanza, kisha nozeli, kisha wavu; injini iwe ya mwisho. Na kila unapoongeza kasi, jifunze upya kuiongoza boti yako mahali pa wazi, mbali na waogeleaji.