Miaka 30 Wakisubiri Kutambuliwa

Mwaka 1978, Mashahidi wa Yehova wa Austria waliiomba serikali iwatambue kisheria. Kusali walisali, ila jumuiya isiyo na hadhi kisheria haiwezi kumiliki jumba la ibada kwa jina lake wala kufungua kesi mahakamani. Hadhi hiyo waliipata mwaka 1998, tena ya daraja la chini.

Sheria mpya ikawataka wasubiri miaka 10 zaidi ili watambuliwe kikamilifu. Kumbe Wakristo wa Kanisa la Kikopti, waliokuwapo nchini humo tangu 1976, walitambuliwa kikamilifu mwaka 2003. Wao walitungiwa sheria yao!

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikulifumbia macho jambo hilo. Mwaka 2008 iliamua kuwa Austria ilikiuka uhuru wa dini na kuwabagua Mashahidi, ambao walitambuliwa mwaka uliofuata.