Damu Katika Mkojo: Si Dalili ya Ukubwa, wala Si Jambo la Kuonea Haya

Aliyezaliwa penye maji mengi hajui thamani yake kama aijuavyo mtu wa Handeni. Nchi ile ni kavu, mvua zake hazina ahadi, na watu wa Chanika na vijiji vinavyouzunguka mji huo wamezoea tangu enzi za mababu kuyafuata maji popote yalipo: katika malambo, katika mabwawa, na katika madimbwi yanayobaki mabondeni baada ya masika. Lilijengwa bomba refu la kuleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, lakini bomba halifiki kila mlango. Basi lambo limebaki kuwa kisima, na josho, na mahali pa kufulia, na kwa vijana watokao chuoni adhuhuri, limekuwa pia bahari yao ya kuogelea. Na mvulana anapobanwa na mkojo akiwa ndani ya maji hatoki. Humaliza haja yake pale pale na kuendelea na mchezo.

Katika kitendo hicho kidogo, ambacho hakuna mzazi anayekitia maanani, ndimo inamoanza habari yetu ya mwezi huu. Ni habari ya maradhi ya njia ya mkojo, na jinsi yanavyoweza, baada ya miaka mingi, kuzaa saratani. Tunajua kwamba ni mazungumzo ambayo baadhi ya wasomaji wetu watayaonea haya kuyasoma mbele ya watoto wao. Lakini tukumbuke kwamba Bibi Aisha (Mwenyezi Mungu amwie radhi) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Ikiwa haya haizuii elimu ya tohara, basi nayo isizuie elimu ya kuokoa maisha.

MDUDU NA SAFARI YAKE

Maradhi yenyewe ni kichocho cha mkojo. Si mapya duniani. Katika mwaka 1910 tabibu Marc Armand Ruffer aliyakuta mayai ya kichocho, yaliyogeuka kuwa kama chokaa, ndani ya figo za maiti za Misri ya kale zilizohifadhiwa kwa kiasi cha miaka 3,000. Mdudu wake aligunduliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Wakapita watu miaka zaidi ya 60 wasijue mdudu huyo anaingiaje mwilini, mpaka Robert Leiper alipothibitisha huko huko Misri, mwaka 1915, kwamba njia yake yapitia kwa konokono.

Safari yake ni hii. Mtu mgonjwa anapokojoa majini, mkojo wake hutoa mayai. Mayai hupasuka, na vijidudu vyake humtafuta konokono mdogo wa maji baridi na kuingia ndani yake. Humo huzaliana kwa muda wa wiki kadhaa, kisha hutoka vijidudu vingine kwa maelfu, kila kimoja na mkia uliogawanyika panda, na hutoka kwa wingi zaidi mchana jua linapokuwa kali, saa ile ile ambayo watoto hupenda kuoga. Kijidudu kikikuta ngozi ya binadamu huipenya kwa dakika chache tu, bila ya jeraha wala maumivu makubwa. Huingia katika damu, hukua katika ini, kisha dume na jike hushikamana na kwenda kukaa katika mishipa midogo ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo. Huko huishi miaka mitatu hata mitano, na wengine zaidi, na jike hutaga makumi hata mamia ya mayai kila siku.

Kila yai lina mwiba mwishoni mwake. Mengine hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, na ndiyo maana damu huonekana, hasa katika matone ya mwisho. Mengine hukwama katika nyama ya kibofu yasitoke tena.

Wala mtu asidanganyike kwamba lambo likikauka maradhi nayo yamekauka. Konokono hawa wana tabia ya kujifukia katika tope na kulala kimya wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huamka. Kwa hiyo nchi kavu kama ya Handeni haikusalimika kwa ukavu wake. Mkoa wa Tanga, hasa nchi zake za chini, umejulikana tangu zamani kuwa na kichocho cha mkojo.

Katika sehemu nyingi za Afrika damu hiyo imekuwa ya kawaida kwa wavulana, hata watu wakaidhania kuwa ni alama ya kubaleghe. Hili ni kosa kubwa. Mtoto wa kiume hana damu ya ukubwa. Damu katika mkojo ni mwili unaolia.

TANGU KICHOCHO HATA SARATANI

Sasa tueleze jambo ambalo elimu ya zama zetu imelifunua kwa uwazi zaidi kuliko zamani. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai, ambazo wataalamu huziita seli, nazo ni ndogo hata hazionekani ila kwa hadubini. Kila seli imebeba maandishi ya urithi yanayoiamrisha izaliane lini, ikome lini, na ife lini. Na kwa hekima ya Muumba, ndani yake wamewekwa walinzi. Mmoja wao, aliyegunduliwa mwaka 1979 na kupewa jina la p53, kazi yake ni kuisimamisha seli ambayo maandishi yake yameharibika mpaka itengenezwe, na isipotengenezeka, kuiamuru ife.

Yai la kichocho likikwama ukutani mwa kibofu, askari wa mwili hulizingira na kupigana nalo. Vita hivyo havina mwisho, kwa sababu kila siku mayai mapya huja. Sumu ambazo askari hao huzitoa ili kumuua adui huwadhuru pia wenyeji, yaani seli za kibofu, na huchafua maandishi yao. Seli zinazokufa huna budi kuweka nyingine mahali pao, na katika haraka ya kunakili, makosa huongezeka. Tena kibofu kilichoumia hushikwa kwa urahisi na bakteria, na baadhi ya bakteria hao hutengeneza ndani ya mkojo kemikali zinazoweza kuleta saratani. Ngozi laini ya ndani ya kibofu hujibadilisha, ikawa ngumu na bapa mfano wa ngozi ya nje. Hatimaye, pengine baada ya miaka 20 au 30, seli moja ambayo mlinzi wake ameharibika huasi. Haisikii tena amri ya kukoma, huzaa nyingine mfano wake, na hiyo ndiyo saratani.

Jambo hili halikuvumbuliwa jana. A. R. Ferguson aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu mjini Cairo mwaka 1911. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimwandika mdudu wa kichocho cha mkojo katika daraja la kwanza la mambo yaliyothibitika kuwaletea binadamu saratani.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Misri. Mwaka 2013 madaktari wa Mwanza walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa kaskazini-magharibi ya Tanzania. Katika kila wagonjwa 100, karibu 45 walikutwa na mayai ya kichocho katika nyama ya kibofu, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa na saratani ya aina ile ya seli bapa ambayo hufuatana na kichocho. Karibu nusu yao walikuwa wanawake, ambao ndio wachotao maji na kufua. Na kabla ya hapo, mwaka 1966, Forsyth na Macdonald walieleza madhara waliyoyakuta katika njia ya mkojo ya watoto wa shule ya Donge, Unguja. Hao walikuwa watoto, si wazee.

Hatuandiki haya ili kutisha watu. Wengi waliopata kichocho hawapati saratani, na si kila damu katika mkojo ni ya kichocho: kuna mawe ya figo, kuna bakteria, na kwa wazee wa kiume kuna maradhi ya tezi dume. Tena tumbaku nayo ni sababu kubwa ya saratani ya kibofu. Lakini kwa kuwa sababu ni nyingi, basi mwenye damu asijipimie mwenyewe nyumbani; apimwe na wanaojua.

NENO JUU YA MAMA ZETU

Kwa wanawake mayai huweza kukaa katika njia ya uzazi, yakaleta maumivu, uchafu, na kutoka damu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Mwanga, Kilimanjaro, katika miaka ya 1990, ulionyesha kwamba mwanamke huweza kuwa na ugonjwa huo hata kama mkojo wake hauna yai lolote. Basi ni mara ngapi mke mwema ameshutumiwa kwa zinaa, au ameachwa, kwa sababu ya maradhi aliyoyaokota utotoni akichota maji ya lambo? Kumtuhumu mwanamke muungwana bila ya ushahidi ni katika madhambi makubwa. Mume na amchukue mkewe kwa daktari kabla hajamchukua kwa kadhi.

DINI ILIYOTANGULIA

Mtume wetu (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Tena ameonya juu ya mahali patatu panapomletea mtu laana kwa kufanya haja hapo, na pa kwanza ni penye maji wanayoyafuata watu. Hatusemi kwamba Hadithi zililetwa ziwe vitabu vya utabibu. Lakini mwenye kutafakari ataona kwamba Waislamu wangalilishika katazo hili moja, safari yote ya mdudu tuliyoieleza ingalikatika mwanzoni mwake, kwani yai lisilofika majini hufa.

Hapa pana mtihani kwa mwenye kuswali. Wapo wanaoingia lamboni mpaka magotini ili watawadhe. Huko Yemen hata mabirika ya kutawadhia ya misikiti yamepata kuwa mahali pa kuambukizana kichocho. Njia iliyo salama ni kuyateka maji na kuyaweka katika pipa au mtungi kwa muda wa siku mbili kamili, pasipo konokono ndani yake, kwa sababu vijidudu hivyo haviishi zaidi ya hapo, au kuyachemsha. Na ahofiaye maji hayo hata kwa kunywa, ayachemshe vile vile.

Na wako wagonjwa walioacha msikiti kwa sababu mkojo au damu huwatoka bila ya kujizuia. Hao tunawaambia: dini ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamekwisha kueleza hukumu ya mwenye udhuru huu: ajisafishe, ajifunge vizuri, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila Sala ya faradhi, kisha aswali. Amwulize sheikh wake, wala asiiache Sala.

DAWA IPO

Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa ya kichocho huitwa prazikwanteli, imetumika tangu miaka ya 1970, na hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtu. Watoto wa shule hupewa katika kampeni za serikali. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba matibabu yaanzie umri wa miaka miwili, na mwisho wa mwaka 2023 dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo, tangu miezi mitatu hata miaka sita, ilipata kibali cha wakaguzi wa dawa wa Ulaya. Mzazi asimfiche mtoto siku ya kumeza dawa. Ampe chakula kwanza, maana tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Na anayepeleka mkojo kupimwa, ni bora autoe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai huwa mengi.

Lakini dawa humuua mdudu aliye ndani. Haimzuii wa kesho. Anayerudi lamboni hurudi na ugonjwa. Hayo waliyaona ndugu zetu wa Unguja na Pemba katika kazi kubwa iliyofanywa tangu 2012 hata 2017: dawa ziligawiwa, konokono waliuawa, watu walifundishwa, na kichocho kikapungua mno, lakini kikabaki katika baadhi ya shehia. Na Misri imetupa bishara njema, kwani kichocho kilipopungua huko, ile saratani ya seli bapa nayo ilipungua.

Basi walimu wa vyuo wa Chanika, na wa Korogwe, na wa kila palipo na lambo, wawafundishe watoto hukumu ya maji yaliyotuama kwa maana yake, si kwa kukariri tu. Kamati za misikiti zichimbe vyoo karibu na malambo, nayo ni sadaka yenye kuendelea. Mama akiona damu katika nguo ya mtoto aseme. Na mzee atakayeona damu katika mkojo wake, hata bila ya maumivu, hata ikija mara moja na kupotea, asiseme ni joto la mwili. Aende hospitali upesi, kwani saratani ya kibofu ikikutwa mapema ina matibabu, na ikichelewa huwa nzito.

Afya ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atupe maji yaliyo safi na nyoyo zilizo safi. Amin.