Gurudumu la tano lisilogusa barabara

Msomaji, bila shaka umewahi kuona trela za Mombasa zikipinda, kichwa kikielekea huku na mwili kule. Lile bamba zito linaloviunganisha huitwa gurudumu la tano. Jina hilo limebaki tangu enzi za magari ya farasi, ambapo duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele liliyawezesha kupinda.

Kule Marekani kuna familia zinazolifunga ndani ya pikapu na kuvuta nyumba nzima ya likizo, vitanda na jiko ndani. Je, lifungwe wapi?

Chukua trela ya kilo 4,000. Kama asilimia 20 ya uzito huo, yaani kilo 800, huikalia pikapu. Hayo ni karibu magunia 9 ya mahindi! Yakikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele yakawa mepesi na usukani ukakosa nguvu. Ndiyo maana mafundi hulifunga juu ya ekseli yenyewe, au inchi 1 au 2 mbele yake.

Lakini usisogee mno. Trela ina upana wa futi 8 hivi. Ikipinda kabisa, futi 4 huelekea kwenye kebini. Pikapu za milango minne mara nyingi zina sehemu fupi ya mizigo, na hapo kona ya trela huweza kuvunja kioo cha nyuma, watoto wakiwa wameketi papo hapo. Wenye magari hayo hununua bamba linaloteleza: dereva hulisogeza nyuma kabla ya kupinda sana kwa mwendo wa pole, kisha hulirudisha kabla ya kuingia barabara kuu. Akisahau, magunia yake 9 yako nyuma ya ekseli.