Rubani Msaidizi Anapokaa Kimya

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi. Ilikuwa safari namba 507, iliyoanzia Abidjan. Mvua ya radi ilikuwa jirani na uwanja, giza limetanda, na nje hapakuwa na taa wala mstari wa upeo wa kumwonyesha rubani kama mabawa yamelala sawa. Muda mfupi baadaye ndege ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, si mbali na uwanja. Watu wote 114 waliokuwemo walikufa.

Ndege hiyo ilikuwa na miezi michache tu tangu itoke kiwandani. Ripoti ya uchunguzi ilipotolewa mwaka 2010, haikuilaumu injini wala bawa. Ilieleza kwamba kapteni aliondoka bila kupewa ruhusa ya kuruka na mnara, kwamba aliamini mtambo wa kujiendesha umewashwa ilhali haukuwa umewashwa, na kwamba ndege iliinama polepole upande wa kulia bila yeyote kati ya marubani wawili kuziangalia saa zilizo mbele yao. King'ora cha kuonya kuhusu mwinamo kilipolia, kapteni alichanganyikiwa asijue ipi kulia na ipi kushoto. Msaidizi wake naye alikuwa amechelewa mno kusema.

Kapteni alikuwa na umri wa miaka 52. Msaidizi alikuwa na miaka 23, na saa zake za kuruka hazikufika sehemu ya kumi ya zile za mkubwa wake. Wachunguzi walifungua majalada ya mafunzo ya wote wawili, na humo walikuta maneno ya wakufunzi yaliyoandikwa kabla ya usiku ule: udhaifu wa kapteni katika kushirikiana na wenzake, na kujiamini kulikopita kiasi. Udhaifu ulijulikana. Uliandikwa, ukasainiwa, ukahifadhiwa kabatini. Kisha mtu mmoja mwenye tabia ya kutawala akapangiwa safari ya usiku na kijana mpole asiyekuwa na mazoea ya kumpinga.

Watu wengi wakisikia idara ya rasilimali watu ya shirika la ndege hufikiria mishahara, likizo na sare za wahudumu. Katika biashara nyingine huenda hayo yanatosha. Kwenye usafiri wa anga, nani anaajiriwa, nani anapandishwa kuwa kapteni, nani anaketi na nani usiku wa leo, na jalada la nani linasomwa au linaachwa kabatini, yote hayo ni maamuzi ya usalama sawasawa na matengenezo ya injini. Abiria huuliza ndege ina miaka mingapi. Ingefaa aulize pia shirika linawaleaje watu wake.

Somo hili lilikuja kwa gharama kubwa. Mwezi Machi 1977 ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, katika visiwa vya Canary, watu 583 wakafa. Kapteni wa KLM aliyeanza kuondoka bila ruhusa ndiye aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake, na sura yake ilitumika kwenye matangazo ya shirika. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ile ndege ya Pan Am imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkato kwamba imetoka, na hakurudia swali.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, DC-8 ya United Airlines ilizunguka angani karibu na Portland, Oregon, kapteni akihangaika na gurudumu la kutua lililoonyesha hitilafu. Wenzake waliona mafuta yakipungua. Walitaja, lakini kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kawaida, si ya mtu anayeonya kwamba watakufa. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka mjini, watu 10 wakafa. Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilisema wazi kwamba kapteni alishindwa kufuatilia hali ya mafuta, na kwamba wenzake nao walishindwa kumweleza kwa uzito unaostahili. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha juu ya jambo hilo, na ilipofika 1981 United walikuwa wameanzisha mafunzo ambayo leo yanajulikana duniani kote kwa herufi tatu: CRM (Crew Resource Management).

Kiini cha CRM kinaeleweka kwa urahisi, ila kukitenda ni kazi. Kinasema ujuzi wa kushika usukani hautoshi. Kapteni afundishwe kuuliza na kusikiliza, na msaidizi afundishwe kusema. Wala msaidizi haachwi abahatishe namna ya kusema. Hupewa ngazi za kupanda. Kwanza anauliza: kapteni, umeona mwendo wetu? Asipojibiwa ipasavyo anatahadharisha kwa kutaja hatari yenyewe: mwendo unapungua, tunakaribia kuanguka. Kikipita kimya anapinga waziwazi na kusema kinachotakiwa kufanyika sasa. Ikiwa bado hakuna mabadiliko, anatamka kwamba anashika yeye, na anachukua usukani. Mashirika makini huyarudia haya ndani ya simuleta mpaka ulimi uzoee, kwa sababu mtu aliyebanwa na hofu hutamka tu kile alichokizoea.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ina uzito wake. Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana humwamkia mkubwa shikamoo, hamkatizi anapozungumza, hamsahihishi mbele za watu. Hayo ni malezi mema na sitaki yafe. Lakini kijana yule yule, akiingia kwenye chumba cha marubani akiwa na mtu wa rika la baba yake, anatakiwa ndani ya sekunde tano amwambie kwamba amekosea. Mwili wake wote unamkataza. Konda wa daladala akigonga bodi, dereva husimama kwanza na kuuliza baadaye, wala haoni kwamba amevunjiwa heshima. Mazoea ya namna hiyo ndiyo yanayotakiwa kujengwa huko juu, na mwenye wajibu wa kuyajenga ni shirika.

Wapo wanaosema utamaduni haubadiliki. Korea Kusini inawajibu. Mwezi Desemba 1999 ndege ya mizigo ya Korean Air iliruka usiku kutoka Stansted, Uingereza. Saa ya kuonyesha mwinamo upande wa kapteni ilikuwa mbovu. Ya msaidizi ilikuwa nzima. Mhandisi aliita zaidi ya mara moja kwamba ndege inainama. Msaidizi hakusema neno mpaka ndege ikapiga ardhi, na wote wanne wakafa. Shirika hilo lilikuwa limeshapoteza watu 228 huko Guam mwaka 1997. Baada ya hapo lilileta wasimamizi kutoka nje na kuyafumua mafunzo yake pamoja na mpangilio wa vyeo. Wakorea hawakuacha kuwaheshimu wakubwa wao, ila walitenga mahali ambapo heshima hiyo huonyeshwa kwa kusema. Tangu mwaka ule shirika halijapata ajali nyingine ya kuua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Sioux City, Iowa, tarehe 19 Julai 1989. Injini ya mkiani ya DC-10 ya United ilipasuka ikakata mifumo yote ya haidroliki, na ndege ikawa haina usukani. Kapteni Al Haynes hakuwa na ukurasa wa kitabu wa kumwambia afanye nini. Miongoni mwa abiria alikuwamo mkufunzi wa marubani, Denny Fitch, naye akaitwa mbele, akapiga magoti akiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Watu wanne walijadiliana, wakapingana, wakagawana kazi. Kati ya watu 296, 184 walitoka hai pale ambapo wengi hawakutegemea hata mmoja. Haynes aliyataja mafunzo ya CRM kuwa ndiyo yaliyowawezesha, na kwamba yeye peke yake asingeweza.

Hata hivyo mafunzo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye karatasi ya ratiba. Mwaka 1994 bodi ya uchunguzi ya Marekani ilichambua ajali 37 zilizotokea kati ya 1978 na 1990 ambazo marubani walichangia. Katika zaidi ya asilimia 80 ya ajali hizo, aliyekuwa akiendesha ni kapteni. Sababu si kwamba makapteni ni wabaya zaidi kazini. Msaidizi akiendesha, mkubwa humfuatilia na kumrekebisha bila haya. Mkubwa akiendesha, anayepaswa kufuatilia ni yule anayemwogopa. Takwimu nyingine ya uchambuzi huo ingefaa ibandikwe ukutani kwa kila mpanga ratiba: pale taarifa zilipopatikana, asilimia 73 ya ajali zilitokea siku ya kwanza ya marubani hao kuruka pamoja, na asilimia 44 katika safari yao ya kwanza kabisa.

Maana yake ni kwamba ratiba isipangwe kwa kuangalia leseni na saa za mapumziko peke yake. Msaidizi mgeni asikutanishwe na kapteni mgeni wa cheo. Kapteni ambaye wakufunzi wameandika kwamba hasikilizi asipewe kijana wa mwaka mmoja. Arudishwe simuleta kwanza, na asipobadilika asipewe amri ya ndege, hata kama shirika lina upungufu wa makapteni. Najua uzito wa neno hilo kwa shirika dogo ambalo ndege ikilala chini siku moja hasara ni kubwa. Bado ndivyo inavyopaswa kuwa.

Upungufu wenyewe una chanzo chake. Kumtoa kijana darasani mpaka kiti cha kushoto cha ndege ya abiria ni kazi ya miaka. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya juu ya rubani wa usafiri hudai angalau saa 1,500 angani, na mashirika mengi hutaka zaidi kabla ya kumkabidhi mtu ndege. Kijana akishaiva, mashirika ya Ghuba yanamsubiri na mshahara ambao Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe haziwezi kuufikia kirahisi. Jibu la kawaida la waajiri ni mkataba wa kumfunga: tumekusomesha, utatutumikia miaka kadhaa au ulipe. Mkataba huo una haki yake. Lakini unaushika mwili, moyo hauushiki, na rubani aliyefungwa huku akihesabu miezi ya kuondoka hana hamu ya kuripoti kasoro wala ya kumlea mdogo wake kazini.

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kwa siku kadhaa. Dai lao kubwa lilihusu michango ya mwajiri kwenye akiba yao ya uzeeni, iliyositishwa wakati wa Uviko. Safari zilifutwa, maelfu ya abiria wakakwama, na marubani walirudi kazini baada ya amri ya mahakama. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki katika kila kipengele. Ninachokiona ni kwamba mgogoro wa fedha ulioachwa uvunde miaka miwili hatimaye hufika uwanjani, mbele ya abiria.

Ulaya nako walionja tunda la haraka ya kupunguza watu. Viwanja na mashirika yalipunguza wafanyakazi mwaka 2020, na safari ziliporudi kwa kishindo mwaka 2022 wapakiaji mizigo na wakaguzi wa usalama hawakupatikana. Heathrow ililazimika kuweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku. Mfanyakazi wa uwanja hawezi kuajiriwa Jumatatu akaanza Jumanne; lazima achunguzwe, afundishwe, apewe kibali.

Kuna pia uchovu. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, watu 50 wakafa. Rubani msaidizi, aliyekuwa na mshahara mdogo, aliishi upande wa pili wa nchi na alikuwa amesafiri usiku kucha kwenda kazini. Baada ya ajali hiyo Marekani ilibadili sheria za saa za kupumzika na za uzoefu wa marubani. Mwajiri anayelipa mshahara usiotosha kodi ya nyumba karibu na kituo cha kazi anashiriki katika kutengeneza uchovu wa namna hiyo, hata kama ratiba yake inaonekana safi.

Na tusiwasahau wanaotengeneza ndege na wanaohudumu ndani. Fundi aliyekosea kufunga nati na akakiri usiku uleule ameliokoa shirika. Akiadhibiwa kwa kukiri, fundi wa kesho atanyamaza. Tangu mwaka 1976 Marekani ina mfumo wa kuripoti makosa unaosimamiwa na NASA, si na mwajiri wala mamlaka inayotoa leseni, na jina la anayeripoti hufichwa. Uzembe wa makusudi na ulevi kazini vina adhabu yake na lazima ibaki. Kosa la kibinadamu lililosemwa mapema lishughulikiwe kama taarifa.

Kwa mamlaka za usafiri wa anga za Kenya, Tanzania na Uganda nina ombi moja mahususi. Mnapokagua shirika, msiishie kwenye vyeti vya ndege na saa za marubani. Ombeni majalada ya mafunzo ya makapteni, someni walichoandika wakufunzi, kisha ulizeni ni hatua gani ilichukuliwa na mtu huyo alipangiwa kuruka na nani mwezi uliofuata. Na kwa vijana mlioko Soroti, Nairobi na Dar es Salaam mkisomea urubani: jifunzeni zile ngazi nne kwa sauti, kila mara mnapoingia simuleta, na siku kapteni wako atakapokukasirikia kwa kusema, nenda ukaripoti.