Mchora Mawingu wa Hampstead

Mtu achoraye nje kwa rangi za mafuta hushindana na mbingu: rangi hukawia kukauka, bali wingu halingoji. Tazameni habari za John Constable, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1776. Baba yake alikuwa na vinu vya nafaka, na kijana alifanya kazi katika kinu cha upepo. Ndipo alipojifunza kuangalia mbingu, maana asiyejua upepo huvunjikiwa na kinu.

Mwaka 1819 alipanga nyumba Hampstead, mlimani karibu na London, kwa ajili ya afya ya mkewe Maria, aliyeugua kifua kikuu. Huko, mwaka 1821 na 1822, alitoka nje na rangi zake, akachora mawingu juu ya karatasi, upesi, kabla hewa haijageuka. Nyuma ya picha nyingi aliandika tarehe, saa, na upepo uvumako.

Maria alifariki mwaka 1828. Lakini mawingu yale yaliyopita juu ya nyumba yao yangalipo hata leo.

Basi, walimu, watoeni watoto nje. Watazame kwanza, ndipo wachore, wala wasisahau kuandika siku na saa.